Mianzi ya ngagi na njia ya tembo: safari za wanyama katika milima ya Kahuzi na Biega

Watu wengi wa Bukavu wakisikia habari ya wanyama wanaohama, wanafikiri mara moja Tanzania na Kenya. Tumeona kwenye televizyo: nyumbu zaidi ya milioni moja wanazunguka Serengeti na Masai Mara kwa kufuata mvua na majani, wanavuka mto Mara wenye mamba, kisha kati ya Januari na Machi wanarudi kusini, kwenye majani mafupi ya Ndutu, na kuzaa. Wanazaa karibu wote kwa wakati mmoja, majuma matatu hivi, na siku za kilele watoto kama 8000 wanaanguka kwa siku moja. Fisi na simba wanakula mpaka wanashiba, na bado watoto wengi wanabaki. Ni jambo la ajabu, sikatai. Lakini mwanafunzi wetu wa Kadutu au wa Ibanda anajua mwezi ambao nyumbu anazaa, na hajui ngagi wa Kahuzi, ambao anaona mlima wao akipanda tu juu ya nyumba, wanaingia kwenye mianzi mwezi gani.

Ngagi ndilo jina wazee wengi wa huku wanalotumia kwa gorila, na ndilo nitakalotumia. Katika andiko hili nataka kuonyesha kwamba mlima wetu nao ulikuwa na safari zake za wanyama, kwamba kulikuwa na watu waliozijua kwa miguu yao, na jinsi safari moja ilivyokatwa katika maisha ya watu ambao wangali hai.

Kwanza tujue mahali penyewe. Ukitoka Bukavu kwa barabara ya Miti, ukaacha ile ya Katana na kupanda upande wa Bunyakiri, unafika Tshivanga, kilomita kama 30 toka mjini, mita 2200 hivi juu ya usawa wa bahari. Hapo ndipo mlango wa Parke ya Kahuzi-Biega. Mlima Kahuzi una mita 3308, Biega mita 2790. Ile ni sehemu ya juu, ya baridi na ukungu. Nyuma yake, upande wa magharibi, nchi inateremka mpaka mita 600 hivi, msitu wa joto wa Shabunda na Walikale, unaoungana na msitu mkubwa wa bonde la Kongo. Misitu miwili, basi, mmoja juu, mwingine chini, na kati yake kipande chembamba cha Nindja. Mwenye kuelewa kipande hicho ameelewa nusu ya historia hii.

Tuanze na mianzi. Kule juu, kati ya mita 2350 na 2600 hivi, kuna mianzi mingi. Wakati wa kiangazi ngagi hana kazi nayo sana. Anakula majani, maganda ya miti, kamba za porini, na matunda akiyapata. Lakini mvua ikiisha kurudi Septemba, udongo ukalowa, mianzi inatoa machipukizi. Yanatoka kama pembe, yamevaa maganda ya manyoya, laini ndani na yenye maji. Hapo familia za ngagi zinahama. Zinaacha misitu ya miti na kuingia kwenye mianzi, na mnamo Oktoba na Novemba zinakula machipukizi mpaka unasikia kelele ya meno toka mbali. Chipukizi likikua na kuwa gumu, sherehe imekwisha, familia zinatawanyika tena kwenye miti. Safari hii si ndefu. Familia moja inatembea katika nchi ya kilomita za mraba 30 hivi kwa mwaka mzima. Lakini ina majira yake, kama kilimo chetu: mwezi ule ule mwanamke wa Kabare anapopanda maharage, ngagi naye anafuata mvua.

Mwingereza Alan Goodall, aliyewafuata ngagi wa Kahuzi mwanzoni mwa miaka ya 1970, alitoa mnamo 1979 kitabu ambacho kichwa chake kinawaita ngagi watembezi. Baada yake alikuja Mjapani Juichi Yamagiwa wa Chuo Kikuu cha Kyoto, tangu 1978, na watafiti wetu wa Lwiro, kama Augustin Basabose, waliendelea na kazi hiyo kwa miaka mingi. Hao ndio walioandika. Lakini mtu asiseme kwamba ndio waliogundua.

Waliojua mbele yao ni Batwa, au Barhwa kama Bashi wanavyosema. Mjini tumezoea kuwaita Bambuti. Waliishi ndani ya msitu ule wa juu. Asali, nyama, ngozi na kamba walizileta pembeni mwa msitu na kubadilisha kwa ndizi, maharage na mtama wa Bashi. Ngozi ya chui ilienda kwa mwami, hilo kila Mushi analijua. Mwaka 1937 serikali ya Wabelgiji iliweka hifadhi ya Kahuzi, lakini Batwa walibaki humo na maisha yao. Kwa mtu anayewinda na kutafuta asali, kujua mnyama yuko wapi mwezi gani si elimu ya pembeni. Ni chakula cha jioni. Walijua mianzi ya upande gani inatoa kwanza. Walijua tembo wakipita, maji ya mto yatachafuka kwa siku ngapi.

Ndiyo sababu Adrien Deschryver alipotaka kuwazoesha ngagi macho ya watu, hakuanza na vitabu. Deschryver alikuwa Mbelgiji wa huku huku, mwindaji aliyegeuka kuwa mlinzi, na ndiye aliyepigania parke iundwe na kuiongoza ya kwanza. Alikufa mwaka 1989. Aliwachukua Batwa kuwa pisteri wake, yaani wafuata-nyayo. Mmoja wao, Pilipili, alijulikana hata ng'ambo. Wao walisoma alama, wao walisema hapa tusimame, hapa tukohoe ili dume ajue tunakuja. Kwa kazi hiyo familia ya dume aliyeitwa Kasimir ilizoea watu, kisha ile ya Mushamuka, na wageni wakaanza kuja Bukavu kwa ajili yao. Dieter Plage, mpiga filamu Mjerumani, alimpiga Deschryver akiwa amebeba mtoto wa ngagi yatima, akimpelekea Kasimir. Na dume akaja mbio, akamnyang'anya mtoto yule na kurudi naye kwa wake zake. Filamu hiyo ilizunguka dunia. Ukiangalia vizuri, ni mambo ya kuzaa na kulea hata hapo: dume la kilo karibu 200 limechukua mtoto mikononi mwa mtu.

Parke ilitangazwa tarehe 30 Novemba 1970, na eneo la kilomita za mraba 600, yote katika sehemu ya juu. Mwaka 1975 ilipanuliwa mara kumi, ikafika kilomita za mraba 6000, ili ichukue msitu wa chini na njia ya Nindja. Kwa wanyama wazo lilikuwa sawa kabisa. Kwa watu halikuwa sawa. Batwa walifukuzwa toka msituni katika miaka ile ya 1970, maelfu, bila kupewa ardhi nyingine. Pisteri mmoja mmoja alibaki na mshahara. Ndugu zake walibaki pembeni mwa mashamba ya wengine huko Kabare na Kalehe, wakilima kwa ujira. Nasema wazi: parke ilichukua ujuzi wa watu hawa kwa mkono mmoja na kuwatoa nyumbani kwa mkono mwingine. Mwaka 1980 Unesco iliiandika Kahuzi-Biega katika urithi wa dunia.

Sasa tembo. Vijana wa leo wanashangaa wakiambiwa kwamba juu ya Tshivanga kulikuwa na tembo, na si wawili au watatu, walikuwa mamia. Nao walikuwa na safari kubwa kuliko ya ngagi. Walipenda mianzi vile vile, walipenda mabwawa ya juu, na kupitia Nindja waliweza kuteremka msitu wa chini na kupanda tena. Njia zao zilikuwa pana na safi, zimekanyagwa na mababu zao, zimepita mahali mlima unapokubali kupitika. Mtu akitaka kuvuka msitu alifuata njia ya tembo, maana tembo hapandi ovyo. Pisteri walizitumia, watafiti walizitumia, na wawindaji haramu nao, bahati mbaya.

Katika familia ya tembo anayeongoza ni mama mzee. Yeye ndiye anayekumbuka njia: maji ya kiangazi yako wapi, mianzi iko wapi, hatari iko wapi. Mimba yake inachukua miezi 22, na mtoto anatembea nyuma ya mama miaka mingi akijifunza barabara. Hawana mwezi mmoja wa kuzaa kama nyumbu. Ukimwua mama mzee kwa ajili ya meno yake, hukuua mnyama mmoja tu; umefuta karata iliyokuwa kichwani mwake.

Nindja ilianza kufungwa mbele ya vita. Kile kipande, kilomita kama 7 za upana, kina watu wake, na wengi hawakukubali mpaka wa 1975, waliosikia habari yake baada ya kuchorwa. Wenye uwezo nao walijipatia humo mashamba makubwa na malisho. Ng'ombe waliingia. Hapa sisi Bashi hatuwezi kuwanyooshea wengine kidole peke yao: inasemekana hata jina la Bukavu linatoka kwenye nkafu, yaani ng'ombe, kwamba pale palikuwa malisho. Ng'ombe ni mahari, ni heshima, ni rafiki. Mushi anajua ng'ombe wake atazaa mwezi gani, na ndama akianguka usiku nyumba nzima inaamka. Ile hesabu hatukuipeleka ng'ambo ya ukingo wa malisho.

Halafu ikaja miaka ambayo kila mmoja wetu anaibeba kwa namna yake. Mwaka 1993 majangili walimwua Maheshe, dume aliyejulikana kuliko wote; wengi wanasema ndiye yule kwenye noti ya zaire 50,000 ya mwaka 1991, ile yenye ngagi. Mwaka 1994 wakimbizi toka Rwanda walipiga kambi karibu na Kavumu, chini ya parke kabisa, na watu wengi vile walihitaji kuni. Ikafuata vita ya 1996, kisha ile ya 1998. Walinzi wa parke walinyang'anywa silaha. Mwaka 1997 Unesco iliiandika parke katika orodha ya urithi ulio hatarini. Mwaka 2000 bei ya koltani ilipanda kama moto, maelfu ya watu wakaingia msitu wa chini kuchimba, na wachimbaji wanakula nyama. Tembo wa sehemu ya juu waliuawa karibu wote. Kufikia mwaka 2000 zilihesabiwa zimebaki familia mbili tu. Kule chini walisalia wachache.

Ngagi wa sehemu ya juu walikuwa 258 katika hesabu ya 1990, na 245 mwaka 1996. Mwaka 2000 walikuwa 130.

Watu wanauliza: ngagi wanahesabiwaje, wakati mchana wanajificha? Wanahesabiwa kwa vitanda. Kila jioni kila ngagi anajitengenezea kitanda kipya cha matawi na majani, analala mara moja tu na kuacha mavi yake ndani au pembeni. Wahesabuji wanafuata familia moja kitanda kwa kitanda, siku kadhaa, wanapima mavi: makubwa ni ya dume mwenye mgongo wa fedha, na nywele zake nyeupe zinabaki kwenye majani, ya kati ni ya mama au kijana. Na mtoto mchanga, ambaye hana kitanda kwa sababu analala juu ya mama yake, anajulikana kwa kimavi kidogo karibu na kile cha mama.

Nilipanda Tshivanga mwezi wa Novemba, miaka kadhaa iliyopita, pamoja na walimu wenzangu wanne. Tulitembea saa mbili kwenye matope. Pisteri, mzee mfupi mwenye panga, alitusimamisha mbele ya vitanda vya usiku ule, akainama. "Mwalimu, angaliya apa. Iyi ya mukubwa, iyi kadogo. Mama iko na mutoto, na mutoto iko muzima." Alisema kama mtu anayesoma barua. Nusu saa baadaye tuliingia kwenye mianzi, na chini kulikuwa na maganda ya machipukizi kila mahali, mabichi, kama nyuma ya karamu. Yule mama alikuwa ameketi ametupa mgongo, anavunja chipukizi, anamenya, anakula moyo wake. Mtoto alikuwa tumboni mwake ameshika manyoya. Tuliona kichwa na sikio tu. Hakuna aliyesema kitu. Dume alitutazama mara moja, akarudi kwenye chakula.

Kule Ndutu mgeni anaona watoto elfu kwa asubuhi moja, wanasimama na kukimbia mbele ya saa moja kwisha. Huku ukiona mmoja, umeona kitu kikubwa. Ngagi anabeba mimba miezi minane na nusu, anazaa mtoto wa kilo mbili hivi, anamnyonyesha miaka mitatu au zaidi, na hazai tena mpaka miaka minne hivi ipite. Anaanza kuzaa akiwa na umri wa miaka kumi. Katika maisha yake yote anaacha watoto wachache waliofika utu uzima. Hesabu za baada ya vita zinaonyesha maana yake: 168 mwaka 2004, 181 mwaka 2010, 213 mwaka 2015. Kwa miaka 15 familia zote za sehemu ya juu ziliongezeka 83. Nyumbu wa Ndutu, siku ya kilele, wanazaa idadi hiyo kwa robo saa.

Na hiyo 83 haikuja bila machozi. Kila dume aliyeuawa aliacha wake bila mlinzi. Mwaka 2003 dume kijana Chimanuka, alipokuwa akikusanya wake toka familia nyingine, aliua watoto wachanga wao, jambo ambalo watafiti hawakuwa wameliona Kahuzi mbele ya hapo. Mama aliyepoteza mtoto anapata mimba upya upesi, na dume anapata mtoto wake. Chimanuka huyo huyo akawa baba wa familia kubwa kuliko zote, zaidi ya 30, na wageni wengi walimpiga picha akilea watoto kwa upole. Kuna pia mitego ya kamba, inayotegwa kwa ajili ya wanyama wadogo lakini inashika mkono wa mtoto wa ngagi. Dume Mugaruka alipoteza mkono wake hivyo.

Watu wa parke na wa vijiji hawakukaa tu. Mnamo 1992 John Kahekwa, aliyekuwa akiwaongoza wageni kwenda kwa ngagi, alianzisha pamoja na wenzake shirika la Polepole, kwa wazo la kwamba mwenye njaa hawezi kulinda mlima: wakapanda miti ya kuni nje ya msitu, wakafungua shule, wakawapa majangili wa zamani kazi ya kuchonga sanamu.

Lakini tembo hawakurudi, na msitu wenyewe umebadilika. Njia zao pana zimezibwa. Kuna kamba moja ya porini, inayotambaa juu ya miti mpaka inaiangusha, imeenea sana sehemu ya juu. Watafiti kadhaa wanafikiri sababu mojawapo ni kwamba mnyama aliyekuwa akiila, kuikanyaga na kuivunja hayupo tena. Unesco imeomba mara nyingi Nindja ifunguliwe. Hata ikifunguliwa kesho, ni tembo gani atamwonyesha mtoto wake kwamba pale pana njia?

Swali hilo linarudi kwa Batwa. Mwezi wa Oktoba 2018 sehemu yao waliingia tena msituni kwa nguvu, wakisema wamechoka kungoja. Yaliyofuata ni mapigano na walinzi, vifo vya pande mbili, miti kukatwa kwa makaa, na si Batwa waliofaidika na biashara ile. Mwaka 2024 ulitangazwa uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu kwamba serikali yetu ilivunja haki za Batwa wa Kahuzi-Biega, na kwamba warudishiwe ardhi ya mababu zao. Tangu Februari 2025 mji wenyewe wa Bukavu uliingia mikononi mwa M23, na mambo mengi yalisimama. Wako wanaosema kuwarudisha Batwa ni kuua ngagi. Mimi naona wanasahau nani aliwaonyesha ngagi. Wako pia wanaosema Batwa wa leo ni walinzi kwa kuzaliwa tu. Nao wanasahau kwamba mtoto aliyezaliwa kwenye shamba la mtu huko Miti hakufundishwa msitu na mtu yeyote. Ujuzi ule haukai ndani ya damu. Ulikaa katika kutembea.

Aliyekuwa kijana wa miaka 20 mwaka 1975, akizijua njia za juu na majina yake, leo amepita miaka 70. Wapo bado, huko Kabare, Kalehe na kando ya barabara ya Bunyakiri. Chama chetu kina watu wanaojua kuandika, wenye simu za kurekodi sauti, na wenye kusikia Mashi na Kitembo. Tungeweza kwenda kwao Septemba, mvua ikianza, tukaomba kila mzee atutajie mianzi ya upande gani inatoa kwanza, tembo walipita wapi, na mahali pale paliitwaje.